Mtani Aliyefutwa

Darasa zima lilikuwa limeegemezwa kwenye kinu. Lilikuwa ndani ya simu ya Violeth, na Violeth mwenyewe alikaa mbele yake juu ya kigoda, mikono mapajani, midomo kaifumba kama mtu aliyeitwa kituoni. Uani kulikuwa na jua kali la baada ya mavuno. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye turubai, na mama yake, Brigita, alikuwa akiugeuza kwa miguu, akiburuza nyayo mstari kwa mstari kama walivyokuwa wakifanya wanawake wa Ifakara nzima msimu ule.

Brigita hakukusudia kusikiliza. Lakini simu ilikuwa imefunguliwa sauti yote, na masikio hayana mfuniko.

"Kanuni mnaijua," ilisema sauti ya mwanaume, laini, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Hadithi inapojadiliwa, mwandishi haruhusiwi kusema. Anakaa kimya, anapokea. Violeth, tuko pamoja?"

Violeth akaitikia kwa kichwa.

Huyo alikuwa Dokta Deus, msimamizi wake. Violeth alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uandishi wa kubuni katika chuo kikuu kimoja cha mjini, na sasa alikuwa amerudi nyumbani Lipangalala, hapo hapo Ifakara, kumalizia tasnifu yake, yaani kitabu cha hadithi ambacho Dokta akikisaini, anahitimu. Asipokisaini, hahitimu. Mtaani somo lenyewe lilikuwa halijaeleweka. Eustaki, fundi baiskeli wa pale njia panda, ndiye aliyelitolea sauti: "Mtani, huyu mtoto kasoma miaka yote hiyo halafu bado anajifunza kuandika? Mimi kuandika nilimaliza darasa la pili!"

"Ndiyo maana bei zako unaziandika kwa mkaa ukutani," Brigita alimjibu, "tena unazikosea."

Eustaki alikuwa mtani wa ukoo wao. Alikuwa na haki ya kusema lolote, naye Brigita alikuwa na haki ya kumrudishia, na mambo yakaishia hapo kwenye kicheko.

Hadithi iliyokuwa ikijadiliwa siku hiyo ilimhusu huyo huyo Eustaki. Ilikuwa hadithi ya msiba wa Sylvanus, mume wa Brigita, aliyezikwa Namawala kwenye shamba lao la mpunga mwaka juzi. Siku ile Brigita alikaa mkekani, kafunikwa kitenge kichwa kizima, kifua kimebana mpaka akadhani naye anafuata. Mara akasikia mwendo anaoujua: mguu wa kushoto unaburuzwa. Alipochungulia, alimwona Eustaki, kavaa koti la Sylvanus na kofia yake ya pama, anachechemea kama yeye barabara, anapiga kelele: "Huyu hazikwi! Mwizi huyu! Kanimalizia mpunga wangu ghalani, halafu anajifanya kufa! Nileteeni jogoo wangu ndipo azikwe!" Akashuka kaburini, akalala chali, akakunja nne. Watu walicheka huku kamasi zinawatiririka. Brigita naye akacheka chini ya kitenge, akacheka mpaka dada aliyemshika akadhani ni kwikwi. Ndipo pumzi ikamrudia. Eustaki akapewa jogoo, akapanda juu, na Sylvanus akazikwa kwa heshima zake zote.

Violeth alikuwa ameomba ruhusa kabla ya kuiandika. "Mama, naomba niandike kile kicheko chako." Brigita alisali juu ya jambo hilo, kisha akasema, "Andika. Ila usimwongezee baba yako kitu ambacho hakuwa nacho."

Sasa simu ilikuwa inazungumza.

"Mimi imenigusa," alisema msichana mmoja, Nadhira. "Mjane anacheka, halafu unajua analia. Hata kwetu watani hufanya hivyo."

"Nadhira, wewe unaielewa kwa sababu una watani," Dokta akasema kwa upole. "Mfikirie msomaji wa mbali. Msiba, halafu mtu anaingia na vichekesho, analala kaburini. Haaminiki. Tena, jamani, mgogoro uko wapi? Mtu kafa, watu wamecheka, wamezika. Hiyo ni ripoti ya msiba."

Wanafunzi wengine wakacheka kidogo. Violeth alikuwa anajikuna kidole gumba.

"Mimi ningemfuta huyo mtani," Dokta akaendelea. "Namweka adui. Anasimama mbele ya jeneza, anasema huyu marehemu alikuwa mwizi, na ni kweli! Mjane anagundua palepale kwamba amelala miaka yote na mwizi. Halafu shemeji yake anamnyang'anya shamba. Hapo sasa tuna hadithi. Nisikilizeni vizuri: mjane asiyedhulumiwa hana hadithi."

Nyayo za Brigita zikasimama juu ya mpunga.

"Shemeji yangu?" akasema. "Hermenegildi? Mpunga huu ninaoukanyaga kauvuna nani kama si yeye na wanawe?"

Simu ikanyamaza. Kisha sauti: "Nani huyo anaongea?"

"Mama!" Violeth alinong'ona, akiifunika simu kwa kiganja.

"Mwandishi haruhusiwi kusema, nimesikia," Brigita akasema. "Na mjane je?"

Jogoo lililokuwa juu ya banda likaona na lenyewe limepata nafasi, likawika mara mbili mfululizo. Darasa lote likaangua kicheko. "Violeth," Dokta akasema naye akicheka, "naomba uzime sauti. Tuna kuku na tuna mama, hatuwezi kufanya kazi."

Violeth akazima sauti. Kwenye kioo midomo ya watu iliendelea kucheza. Brigita akarudi kugeuza mpunga, na kila hatua aliyoburuza ilisema neno: kuku na mama, kuku na mama.

Jioni walikula wali na perege. Brigita alisubiri mpaka Violeth anawe mikono.

"Utafanyaje?"

"Nisipobadilisha hasaini, mama. Ameshasema. Na ile nafasi ya kufundisha chuoni wanaishikilia kwa ajili yangu mpaka nihitimu. Nisipohitimu wanampa mtu mwingine."

"Kwa hiyo baba yako awe mwizi."

"Si baba. Ni mhusika. Nitabadilisha jina."

"Na ule mguu wake utaubadilisha?"

Violeth akaanza kukusanya miiba ya perege.

"Na kofia? Na Namawala? Viole, ukiandika mtu wa Namawala mwenye mguu mbovu na kofia ya pama, aliyeuza ng'ombe wake wa kulimia ili bintiye asome, watu watauliza jina la nini?"

"Wanaosoma hawako hapa, mama. Baba amekufa, hakuna atakachosikia."

Aliyasema haraka, kisha akaonekana ametamani kuyameza. Brigita alichukua sahani, akazipanga moja juu ya nyingine. Aliona ajabu jinsi dunia ilivyo na tamaa. Ng'ombe wale, Mapambano na Subira, walikuwa mikono na miguu ya Sylvanus, na alipowauza alirudi kulima kwa jembe la mkono, kwa mguu ule ule, bila kunung'unika. Shahada ilikwisha kuwala ng'ombe wake. Sasa ilitaka na jina.

"Ndiyo maana unapaswa kumwonea huruma," akasema hatimaye. "Aliye hai akisingiziwa atajitetea. Huyu atajitetea na nini, na udongo?"

Violeth akalia. Alilia kwa haki, maana naye alikuwa amebanwa, na Brigita, aliyekuwa macho siku zote kuangalia nani kabanwa na nani anabana, aliliona hilo. Akakaa karibu naye.

"Sikia, mama," Violeth akasema. "Nitamtoa mtani tu. Nitamweka mtu mwingine aseme maneno yale yale, Dokta aridhike. Lakini sitaandika kwamba ni kweli. Mjane hatakubali. Hilo nakuahidi."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu."

Brigita akapumua. Haikuwa haki, lakini aliona mtu anaweza kuishi nayo.

Asubuhi alikwenda kwa Eustaki, kwa kuwa aliona si vizuri mtu afutwe bila kuambiwa. Alimkuta kapindua baiskeli miguu juu, anazungusha gurudumu.

"Shikamoo marehemu mtarajiwa," Eustaki akamsalimu.

"Marahaba, maiti iliyokataa kuoza. Mtani, umefutwa kwenye hadithi."

"Nimefutwa? Nani sasa kalala kaburini?"

"Hakuna aliyelala. Wameweka mtu mwingine, adui. Anasimama tu na kutukana."

Eustaki akalishika gurudumu, likasimama. Brigita alingoja mzaha, haukuja.

"Anatukana bure? Bila jogoo?"

"Bila jogoo."

"Mtani," Eustaki akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Brigita kumsikia akitumia sauti ile, "siku ile ndugu zake wote walilia kwa machozi. Mimi mila hainipi machozi, inanipa matusi. Nilimlilia Sylvanus kwa matusi yale. Nilipolala kule chini nilikuwa nampashia udongo joto. Sasa mwanao kanigeuza adui yake?"

Eustaki akalizungusha tena gurudumu, na Brigita akashika njia ya kurudi nyumbani.

Haukupita muda mrefu, Dokta Deus akaja mwenyewe. Programu yao ya uandishi ilikuwa na wafadhili, na wafadhili walitaka kuona hadithi zinatoka wapi. Basi ikaandaliwa siku ya usomaji pale pale Ifakara, katika ukumbi wa kukodi karibu na soko. Asubuhi ya siku hiyo Dokta alifika nyumbani na wageni wawili na kijana wa kamera. Hakuwa mtu mbaya wa kumwona. Alikuja na sukari na mikate, akainama kutoa shikamoo, akamsifia Brigita binti yake mpaka jirani yao Digna, aliyekuja kusaidia kupika, akasema, "Huyu si mwalimu, huyu mchumba."

Brigita alikuwa amevaa sare yake ya WAWATA, kitenge cha akina mama wa Kanisa, kimepigwa pasi, na kilemba chake. Dokta akamtazama, akakuna kidevu.

"Mama, umependeza sana. Lakini kwa ajili ya picha, huna zile nguo zako za kila siku?"

"Hizi ndizo za kupokelea wageni, baba."

"Naelewa. Ila tunataka uhalisia kidogo. Mama wa hadithi."

"Uhalisia ndio upi?"

"Yaani…" Alitafuta neno. "Za kazini. Zile zilizochakaa. Halafu ungekaa pale chini, karibu na kinu."

Digna akaacha kukoroga sufuria. "Mwalimu, wewe mamaako akipigwa picha unamwambia akavue nguo nzuri avae matambara?"

"Digna," Brigita akamkanya taratibu. Mgeni ni mgeni. Akamgeukia Dokta. "Baba, viti vipo. Nitakaa kwenye kiti, na nguo ni hii. Kama haifai, pigeni picha kinu peke yake, chenyewe hakibadilishi nguo."

Walipiga kinu. Walipiga pia banda la kuku, na mlango wa choo, na kamba ya nguo. Violeth alikuwa amesimama kizingitini akiyaona yote hayo, na Brigita alimwona anavyoyaona, na aliona pia jinsi binti yake alivyokataa kumtazama usoni. Akahesabu ni woga wa kusoma mbele za watu.

Ukumbi ulijaa kuliko Dokta alivyotarajia. Aliletewa wanafunzi wa sekondari kwa mstari, lakini zaidi ya hao walikuja watu wenyewe: akina mama wa jumuiya na sare zao, mafundi baiskeli, wenye maduka ya pale sokoni, Mzee Zubeiri muuza vitambaa na mkewe Kadija, na jamaa wa Namawala waliopanda pikipiki watatu watatu kuja kumsikiliza mtoto wao. Hermenegildi alivaa suti. Wageni walikaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Brigita naye aliwekwa mbele, akatambulishwa, akapigiwa makofi. Nyuma kabisa, kaegemea mlango, alikuwa Eustaki.

Dokta akatoa hotuba juu ya kuwapa sauti wasio na sauti. Ukumbi ukampigia makofi kwa adabu.

Violeth akapanda jukwaani, akasimama nyuma ya meza na karatasi zake. Alianza vizuri. Alisoma mto ulivyofurika mwaka ule, alisoma mkeka na kitenge, na wanawake wa Namawala wakawa wanaitikia chini kwa chini, ndivyo, ndivyo ilivyokuwa. Kisha akafika mahali pale. Mtu mmoja aliingia msibani, akasimama mbele ya jeneza, akanyoosha kidole: "Huyu hazikwi! Mwizi huyu! Kanimalizia mpunga wangu ghalani!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Mtani huyo!" mtu akapiga kelele kutoka kati.

"Mpeni jogoo wake atulie!"

Hermenegildi alikuwa anapangusa macho. Kadija alikuwa amemwegemea mumewe. Watu wa bonde lile, umfute mtani usimfute, wakimsikia mtu anamtukana maiti wanajua ni nani huyo, na vicheko vilikuwa vinakwenda na kurudi kama maji ndani ya ndoo. Brigita alicheka nao. Moyo ukamwambia, tazama, Dokta kamfuta mtani kwenye karatasi, naye kaingilia mlangoni.

Dokta alikuwa amesimama, mkono juu. "Jamani! Jamani, tafadhali. Hii ni tanzia. Tunaomba utulivu, hii si sehemu ya kucheka." Wageni walikuwa wanatazamana. "Endelea, Violeth."

Violeth hakuendelea. Alimtazama Dokta, akaitazama karatasi. Kisha akasoma kwa sauti ndogo, haraka, kama mtu anayemeza dawa: "Mjane akainua kitenge. Akakumbuka usiku wote ambao mumewe alirudi na magunia asiyoyaeleza. Akajua kwamba yule mtu anasema kweli. Akatema mate juu ya jeneza."

Kicheko kikakatika kama kilichokatwa kwa panga.

Mtani akisema marehemu ni mwizi, hilo ni tusi la mila. Mke akikiri, hapo si mila tena. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kutoka nyuma hadi mbele, mpaka ukumbi wote ukawa unamtazama Brigita na sare yake iliyopigwa pasi. Alisikia mwanamke wa Namawala akiuliza kwa kunong'ona, "Kumbe?" Neno hilo moja. Alijua litakavyotembea: litapanda pikipiki jioni ile ile, litafika shambani kabla yake, litakaa juu ya kaburi.

Akasimama.

"Mama, maswali ni mwishoni," Dokta akasema.

"Sina swali." Alimtazama binti yake. "Mimi ndiye huyo mjane. Sikukiri. Sikutema mate. Mume wangu hakuwahi kuleta nyumbani gunia nisilolijua, maana nilikuwa nashika upande wa pili kulibeba."

Kimya kikawa kimya cha kanisani. Na katikati ya kimya kile Dokta Deus akapiga makofi. Uso ulikuwa unamng'aa kwa furaha ya kweli kabisa. Akawageukia wageni, kisha akamgeukia Violeth: "Umeona? Umeona nguvu hiyo? Andika hiyo! Mama anasimama katikati ya usomaji! Huo ndio mwisho tuliokuwa tunautafuta!"

Kijana wa kamera akamsogelea Brigita, akamwekea kile kijicho cheusi karibu na pua.

Matusi yapo mengi duniani, na Brigita alikuwa ameonja ya kwake. Lakini hakuwahi kusema "umeniumiza" akapigiwa makofi kwa jinsi alivyolisema. Alijisikia kama kuku anayesifiwa mnofu wakati kisu bado kiko shingoni. Angelisema nini ambacho wasingekipenda?

Violeth ndiye aliyesema. Aliziweka karatasi sakafuni, taratibu, akasogea mbele ya ile meza.

"Nilidanganya," akasema. "Nilimwahidi mama yangu mbele ya Mungu, nikadanganya. Naanza upya."

"Violeth," Dokta akasema, "soma iliyopitishwa."

"Hiyo hainihitaji mimi kuisoma." Akakaza sauti. "Siku ya kumzika baba yangu, Sylvanus, mama yangu alisikia mguu wa kushoto unaburuzwa…"

Alisimulia bila karatasi, kama wanavyosimulia watu. Alipokosea, watu wa Namawala walimsahihisha. Alipofika kwenye kofia, mtu wa nyuma akaondoka mlangoni, akaja mbele katikati ya viti, anachechemea, analia matusi kwa sauti yake yote, akajitupa chali pale sakafuni mbele ya wageni waliokalia vitambaa vyeupe, akakunja nne. Ukumbi ukapasuka. Na Violeth akamalizia juu ya kelele zile, kwamba mama yake alicheka chini ya kitenge, na kwamba kicheko kile ndicho kilichomrudisha duniani.

Dokta alikuwa amekwisha kutoka nje na simu sikioni.

Jogoo la juu ya banda, lile lililowika darasani, Brigita alilikamata kesho yake alfajiri, akalifunga miguu, akalipeleka njia panda.

"La nini hili?" Eustaki akauliza. "Sylvanus nilikwisha kumlipisha."

"Safari hii umelala kaburini mara ya pili."

"Basi limekonda," Eustaki akasema, akalipokea. "Ukoo wenu hata kuku mnawanyima chakula." Na walikuwa sawa tena.

Lakini saini haikuja. Wenzake Violeth walipangiwa tarehe ya kutetea tasnifu zao. Nadhira alituma ujumbe wa pole. Ile nafasi ya kufundisha ilikwenda kwa mtu mwingine, kijana aliyeandika juu ya mjane aliyenyang'anywa shamba. Violeth alikuwa anapepeta mchele siku nzima bila kuombwa. Brigita alisali rozari akiwa amemfumbia Mungu swali moja: kama kweli ni yeye anayejua habari zetu zote, mbona anayezisaini ni mwingine?

Siku Dokta alipopiga simu, walikuwa wote wawili uani. Violeth aliweka sauti nje, kwa mazoea.

"Violeth, sina kinyongo," alisema. Sauti ilikuwa ile ile laini. "Nimefikiri sana. Ile siku ya ukumbini ndiyo hadithi yako. Iandike hiyo. Mama wa kijijini, hajui kusoma wala kuandika, anasikia hadithi ya mumewe kwa mara ya kwanza, anasimama. Nipe hiyo mwezi huu na mimi nasaini."

Brigita aliyekuwa akisoma somo la kwanza kila Jumapili ya zamu ya jumuiya yake, kwa sauti inayofika mpaka milangoni, aliinua kichwa.

Ungo ulikuwa mapajani mwa Violeth. Aliitamani saini ile. Kisha Violeth akasema, "Si yangu, Dokta. Muombe mwenyewe." Akamnyooshea mama yake simu.

Brigita akafuta mikono kwenye kanga. Akaishika simu mbele ya uso, kama alivyoona wanavyofanya.

"Dokta Deus, Tumsifu Yesu Kristo," akasema. "Ni mama yake Violeth."

Simu ikalia kidogo, tii, ikakatwa upande wa pili, na mwanga wa kioo ukazimika. Brigita aliuona unazimika. Violeth naye aliuona, akafungua mdomo.

Brigita akamwinulia kidole asiseme, akaendelea.

"Kanuni yako tumeisikia, anayejadiliwa anyamaze. Leo nyamaza wewe. Mume wangu alikuwa na kasoro. Alikuwa mkaidi kama nyumbu. Akilewa pombe ya sikukuu alikuwa anaimba nyimbo za jeshini mpaka majirani wanahama. Alinipiga mara moja, mwaka tuliofiwa mtoto wetu wa kwanza, akapiga magoti kwa padre, akapiga magoti na kwangu. Hayo yote ungeniuliza, ningekupa, kwa kuwa ni yake. Hukuuliza. Hukuzitaka kasoro zake, ulitaka hizo ulizokuja nazo kwenye gari. Umesema mjane asiyedhulumiwa hana hadithi. Haya. Sylvanus hakunidhulumu. Hermenegildi hakunidhulumu. Umekuja wewe, na mkate na sukari."

Alivuta pumzi. Uani palikuwa kimya, hapakuwa na jogoo la kumkatiza.

"Sijamaliza," akakiambia kile kioo cheusi, na kwa kuwa alikuwa amesimama muda mrefu, akavuta kigoda cha binti yake, akakaa.